Leso kwa simu, na jumbe nisizoziomba

Mwenye duka mmoja wa leso katika Mtaa wa Biashara, hapa Mombasa, ameniondolea haja ya kuvuka feri kila mzigo mpya unapoingia. Asubuhi huzikunjua leso mezani na kuzipiga picha, akihakikisha kwamba pindo, mji (sehemu ya katikati) na hasa jina (msemo ulioandikwa juu yake) vinaonekana wazi, kisha huzipandisha kwenye stetasi yake ya WhatsApp, ambayo hudumu saa 24 tu. Nami nikiipenda mojawapo humwandikia papo hapo, tukapatana bei (desturi hiyo simu haijaiua), nikalipa kwa M-Pesa, na mwenye bodaboda akaniletea Likoni. Kinachonivutia zaidi ni kwamba halipii tangazo lolote: wanaoziona picha hizo ni wateja waliohifadhi namba yake kwa hiari yao.

Kinyume chake ni duka moja kubwa ambalo, tangu nilipolipa kwa simu, hunitumia jumbe za ofa hata usiku wa manane, ilhali sikuwahi kuulizwa kama ninazitaka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa kila Mkenya haki ya kupinga taarifa zake zisitumiwe kwa njia hiyo. Nimekwisha kuwaandikia waiondoe namba yangu, na wakikaidi nitapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.