Seva tatu, foleni moja

Kilichonifanya niupange upya mfumo wetu wa barua pepe ni simu ya mama mmoja, mwisho wa mwezi: "Mwanangu, ile namba ya kuingilia niliiomba asubuhi, imenifikia saa nane mchana!" Chama chetu cha akiba na mikopo kilikuwa kinatuma taarifa za akaunti kwa wanachama wote siku hiyo, na namba yake ilikuwa imepanga foleni nyuma yao.

Kila seva ilikuwa na foleni kwenye diski yake. Ikizimika, barua zake zinazimika nayo. Nikazihamishia zote kwenye jedwali moja la PostgreSQL, programu ya hifadhidata, seva zikabaki wapagazi tu. Amri ya SKIP LOCKED, iliyopo tangu toleo la 9.5, ndiyo iliyoniokoa: seva ikikuta mstari wa jedwali, yaani barua moja, umeshikwa na mwenzake, inauruka badala ya kusubiri. Namba za kuingilia nikazipa foleni yake.

Kilichoninyima usingizi ni hiki: seva imefikisha barua, ikakata roho kabla ya kuandika kwamba imefikisha. Itatumwa tena. Wiki nzima nilitafuta namna ya kuziba tundu hilo, na kwa SMTP, utaratibu ambao seva hutumia kupeana barua pepe, halizibiki kabisa. Nikaamua bora mtu apate taarifa mara mbili kuliko kuikosa. Kila barua sasa inapewa Message-ID, kitambulisho chake cha pekee, kabla ya kuingia foleni, ikirudiwa ije na kitambulisho kilekile.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa la hesabu. Wanachama wengi wako Gmail, nikaweka kikomo cha kutuma huko kwa kila seva, nikasahau kuzidisha kwa tatu. Seva za Gmail zikatujibu kwa namba 421: rudini baadaye. Sasa kikomo kinahesabiwa kwenye jedwali, kwa seva zote pamoja. Jibu linaloanza na 4 ni kikwazo cha muda, tunasubiri dakika 5, kisha 10, kisha 20, hivyo hivyo. Linaloanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja, tunaacha. RFC 5321, waraka wa kanuni za SMTP, inasema usikate tamaa kabla ya siku 4 au 5, na taarifa za akaunti zinaufuata ushauri huo. Namba ya kuingilia naifuta baada ya dakika 10. Ya jana ina kazi gani?

Juzi nimeongeza seva ya nne. Anwani yake ya IP ni mpya, kwa hiyo naipa barua chache kwa siku mpaka mgeni azoeleke kwa Gmail na wapokeaji wengine.