Paa gumu la faiba: madirisha ya kuteleza pembeni, milango miwili nyuma

Hali ilivyo kwenye paa la gari langu la 4x4: madirisha yote mawili yameshawekwa mahali pake, milango ya nyuma imesimama na kitasa kinashika. Bado kona moja ya mpira wa kuziba milango hiyo, na rangi.

Paa la faiba la gari la 4x4 halina mifupa. Ugumu wake unatokana na mkunjo wa ganda, na ganda lenyewe hapa lina unene wa milimita 5 tu. Tundu la sentimita 90 kwa 45 linaondoa sehemu kubwa ya kinacholishikilia, kwa hiyo mbavu zilitangulia msumeno. Ndani, kuzunguka kila alama ya dirisha, nilibandika povu gumu lenye upana wa milimita 40 na unene wa 15, kisha tabaka tatu za kitambaa cha nyuzi za kioo kwa epoksi (resini ya kuchanganya sehemu mbili, inayoganda na kushika kama gundi). Resini ya polyesta niliiacha kwa makusudi: haishiki vizuri juu ya faiba iliyokwisha kukomaa, na ubavu hubanduka gari likitikisika. Hata epoksi inataka msasa namba 80 mpaka mng'ao wote uishe, halafu kufuta kwa asetoni.

Kukata: toboa kona nne kwa drili ya milimita 3 kutoka ndani kwenda nje, kwa sababu mbavu ziko ndani. Pima upya kwa nje kabla ya kuendelea. Kona zikatwe kwa msumeno wa kikombe unaofungwa kwenye drili, ili ziwe za mviringo, maana kona kali ndipo ufa unapoanzia. Mistari ikatwe kwa jigso (msumeno wa umeme wenye wembe mwembamba unaopanda na kushuka) yenye wembe usio na meno, wa chembe ngumu. Wembe wa meno huisha makali mapema na kung'oa rangi. Acha vipande vitatu vya sentimita 2 bila kukata hadi mwisho, la sivyo kipande kinaning'inia na kuchana ganda. Vumbi la faiba si la kuvumilia kwa kitambaa puani: vaa barakoa yenye vichujio, miwani na mikono mirefu. Ukimaliza, paka epoksi kwenye ukingo wote, maana nyuzi zilizo wazi hunyonya maji.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: ukuta umepinda, dirisha limenyooka. Rula ndefu iligusa katikati na kuacha mwanya wa milimita 4 kila mwisho. Ukilazimisha kwa skrubu, fremu ya alumini inajikunja na kioo kinakwama kwenye reli. Nilichanganya epoksi na unga wa silika mpaka ikawa nzito kama siagi ya karanga, nikaipaka pembeni mwa tundu, nikakandamiza kwa ubao ulionyooka uliofunikwa selotepu pana ya plastiki, kwa vibano. Ubao ulitoka kesho yake, uso ukiwa bapa. Ndani nilifanya hivyo hivyo, ila huko mwanya uko katikati. Unene wa ukuta ukawa milimita 26 pande zote, na fremu hii inabana 25 hadi 28.

Dirisha limekaa juu ya utepe wa butili (mpira laini unaonata). Kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, lala, kisha kaza tena, kwa sababu butili hutambaa usiku kucha. Vitundu vya kutolea maji viangalie chini, visizibwe. Silikoni isiguse paa kabla ya rangi. Mabaki yake hufanya rangi ijikusanye na kuacha vidoti.

Milango ya nyuma ndiyo kazi hasa. Uzito wake hauwezi kubebwa na faiba, hivyo kuna upinde wa bomba la mraba, milimita 25 kwa 25, chuma cha milimita 2, uliofungwa kwenye bodi kwa bolti nne za M8 (kipenyo cha milimita 8) kila upande na bamba la chuma nyuma yake. Faiba imeunganishwa na upinde kwa gundi ya poliyurethani yenye unene wa milimita 3; vipande vya mpira vinazuia gundi isikamuliwe yote. Unene huo unaachia bodi ijipinde bila kuvuta ganda.

Pima mishazari ya upinde; tofauti isizidi milimita 1. Bawaba tatu kwa kila mlango lazima ziwe kwenye mhimili mmoja: pitisha fimbo moja iliyonyooka katika zote ndipo uchomelee, vipande vya sentimita 2, ukibadilisha upande ili joto lisipinde chuma. Mlango wa kushoto hufungwa kwanza kwa komeo za juu na chini. Wa kulia una kitasa na mdomo wa milimita 25 unaofunika mwanya. Mwanya ni milimita 5.

Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakikatwi wala kutobolewa tena, kwa hiyo kiolezo cha hadibodi kitoke kwenye mlango uliokamilika. Kioo hushikwa na mpira wa umbo la H; kiuno chake, yaani sehemu ya kati kati ya kioo na mlango, kikiwa milimita 5, kioo kiwe kidogo kuliko tundu kwa kiasi hicho kila upande. Kioo huingia kwa maji ya sabuni na kamba inayovuta mdomo wa mpira juu ya ukingo.

Majaribio: gurudumu moja la nyuma juu ya matofali ya sentimita 30. Mwanya wa milango ulishuka kutoka 5 hadi 3 juu, kitasa kikafunguka bila kukwama. Kisha nilifungia karatasi kati ya mlango na mpira wake, kila sentimita 10. Ikichomoka kirahisi, hapo hapabani. Usipuuze hili: gari likienda, hewa hujizungusha nyuma na kuvuta moshi wa ekzosi ndani kupitia mwanya wowote.

Maji ya bomba kwa dakika 10 yalipita kona ya chini kushoto. Mpira umekunjwa kwa kona ya milimita 20 na umejikunyata. Kinachofuata ni kuukata pale na kuunganisha kwa kipande cha kona kilichofinyangwa.