Nilivyojiandaa kwa mbio ndefu za baiskeli bila gari la kunifuata

Kila niliyemwambia kwamba najiandaa kwa mbio za kilomita 1,000 za kujitegemea aliniuliza swali lile lile: gari la kukufuata utalitoa wapi? Hakuna gari. Nilichoka kulieleza hilo hapa Nakuru, hata kwa watu wanaoendesha baiskeli kila Jumapili na ambao ningetarajia wajue.

Katika mbio za aina hii saa haisimami hata kidogo. Ukilala inahesabu, ukila inahesabu, ukiziba pancha kando ya barabara inahesabu. Mzigo wako unaubeba mwenyewe. Unaruhusiwa kununua chochote ambacho mshindani mwingine yeyote angeweza kukinunua: chapati ya kibandani, chumba cha lojing, kazi ya fundi. Kinachokatazwa ni kile ulichoandaliwa wewe peke yako, kwa mfano ndugu anayekusubiri Kericho na chupa ya uji, au rafiki anayetangulia mbele akukinge upepo. Transcontinental, mbio za kuvuka Ulaya ambazo Mike Hall alizianzisha mwaka 2013, zinafuata kanuni hiyo. Tour Divide, inayotoka Banff nchini Kanada hadi mpaka wa Marekani na Meksiko, zaidi ya kilomita 4,000, ni hivyo hivyo.

Ushauri ulionikera zaidi ni ule wa "ongeza kilomita, miguu itazoea". Mtu anayeishi Nakuru hakosi miguu. Ukitoka nyumbani upande wowote utakutana na mlima. Piga hesabu hii. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kilomita 1,000 ni saa 50 za kukanyaga. Ukisimama robo saa tu kwa kila saa unayokanyaga, umepoteza saa kumi na mbili na nusu, na bado hujalala. Kwa hiyo nilijifunza kusimama kwa muda mfupi. Jioni nilikuwa nazima taa sebuleni, nageuza baiskeli juu chini, natoa tairi na kubadilisha tyubu gizani mpaka vidole vikajua kila kitu kilipo. Nilijizoeza kula nikiwa juu ya baiskeli. Chapati mbili zilizokunjwa na mayai ndani huingia mfuko wa nyuma wa shati na hutolewa kwa mkono mmoja.

Sasa habari ya mfuko, maana hapa ndipo ninapojivunia. Mifuko ya kufunga nyuma ya kiti inatoka nje, na ukijumlisha usafiri na ushuru bei yake inakaribia ya baiskeli nzima ya mtumba. Nikaenda kwa fundi anayeshona turubai za malori na viti vya matatu. Mfuko wa kwanza aliushona kama gunia lenye kamba. Niliposimama kwenye pedali uliyumba kushoto na kulia hadi baiskeli nzima ikawa inatikisika, kisha ukalegea, ukakalia tairi la nyuma, na tairi likatoboa kitambaa tundu la ukubwa wa kiganja. Fundi akasema tuongeze kamba. Mimi nikasema hapana, mfuko hauna mgongo. Tukaweka ubao mwembamba ndani yake; ubao ukapasuka kwenye tuta la kwanza la maana.

Jibu lilikuwa limekaa nje ya duka lake: mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia, ule wa lita 20. Tulikata ubavu wake mmoja, tukaupasha moto taratibu juu ya jiko la makaa mpaka ukakubali kupinda, tukaufinyanga uwe kama mfereji, halafu fundi akaushonea katikati ya tabaka mbili za turubai. Kufungia, tuliacha kamba za nailoni tukatumia blada, zile pande za tyubu ya lori ambazo vijana wa boda boda hufungia mizigo. Nailoni hulegea mzigo unapojipanga barabarani. Blada hufuata mzigo na kuendelea kuubana. Mdomo wa mfuko unakunjwa mara tatu kabla ya kufungwa. Tuliumwagia ndoo ya maji pale pale dukani watu wakitazama, nikafungua, gazeti nililoweka ndani lilikuwa kavu kabisa. Gharama yote, turubai na kazi ya fundi, haikufika elfu mbili. Vitu vizito (tyubu, spana, cheni ya akiba) hukaa karibu na nguzo ya kiti, nguo huenda mkiani. Ukigeuza mpangilio huo, mfuko wowote duniani utayumba, hata uwe wa bei gani.

Njia ya majaribio niliichora mwenyewe, nikaiendesha kwa kanuni zote za mbio: Nakuru, Mogotio, Marigat, Kabarnet, kushuka Bonde la Kerio, kupanda Tambach hadi Iten, Eldoret, Kapsabet, Chavakali, Kisumu, Kericho, kisha nyumbani. Ni kilomita mia tano na kitu. Ina joto, baridi, mvua na milima, na mbio ndefu hazina kitu kingine cha kukuogopesha zaidi ya hivyo.

Niliondoka saa kumi alfajiri, nikavuka mstari wa ikweta Mogotio. Tatizo la Marigat si jua peke yake, ni mathenge. Mti huo uliletwa Baringo miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, na mwiba wake hupenya tairi jipya kana kwamba halipo. Kabla ya safari nilikuwa nimekata tyubu kuukuu kwa urefu nikaitandika ndani ya tairi, kati ya tairi na tyubu nzima. Inaongeza uzito kidogo, lakini nilipita. Ukipata pancha huko, usibadilishe tyubu kabla ya kupitisha kitambaa ndani ya tairi zima, kwa maana mwiba wa mathenge huvunjika na kuacha ncha ndani. Nilibeba kibano cha kung'olea nyusi kwa kazi hiyo. Kwenye barabara kuu kazi yake ni ile ile, ila huko adui ni vile visindano vya waya vinavyotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka.

Kutoka Kabarnet hadi daraja la Chebloch unashuka karibu mita 1,000. Watu hujivunia kasi waliyofikia hapo. Mimi nilifunga breki kwa zamu, mbele kisha nyuma, ili rimu zisichemke, na kwenye kila kona nilikuwa nimeshapunguza mwendo kabla ya kuiingia. Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya baiskeli ya Team AMANI na mmoja wa waendeshaji bora waliowahi kutoka nchini mwetu, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwa kasi kubwa kwenye mbio za changarawe Vermont, Marekani. Yeye alikuwa mtaalamu. Dakika tatu unazookoa kwenye mteremko si zako.

Chini bondeni joto ni kali, na hapo ndipo wengi hunywa maji matupu lita baada ya lita mpaka kichwa kinaanza kuuma na tumbo kukataa. Chumvi inakutoka na jasho na hujairudisha. Vipakiti vya maji ya chumvi na sukari vya duka la dawa vinatosha, na vikikosekana, kipimo ambacho akina mama hufundishwa kliniki kinafanya kazi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Nilikuwa nimepima sukari na chumvi nyumbani nikazifunga kwenye karatasi ndogo ndogo, karatasi moja kwa lita moja.

Halafu mlima wa Tambach. Unatoka kwenye joto la bonde na kufika Iten, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, jua likiwa limezama na shati limelowa jasho. Lile gazeti la kwenye mfuko ndilo lililonisaidia. Unalitandaza kifuani chini ya jaketi, upepo haupiti, na asubuhi unalitupa. Niliwahi kushauriwa kununua jaketi la elfu kumi na tano kwa ajili ya baridi hiyo hiyo. Iten nililala lojing, simu na pawabenki zikiwa kwenye umeme kabla hata sijavua viatu. Barabarani simu ilikaa bila mtandao, ramani nikiwa nimezipakua nyumbani, kwa hiyo chaji haikunisumbua. M-Pesa inalipa karibu kila mahali, lakini shika noti kidogo. Mama wa ndizi hana haja ya kusubiri mtandao urudi.

Jambo gumu kuliko milima yote lilikuwa Chavakali. Shangazi yangu ameolewa hapo, nyumba yake inaonekana ukiwa barabarani. Kwa watu wetu wa magharibi huwezi kupita mlango wa shangazi. Nilimpigia simu wiki moja mapema.

"Shangazi, nitapita kwako, lakini sitaingia."

"Utapita mlangoni kwangu kama mwizi?"

Nikamweleza kanuni. Hakuzikubali. Akasema ataweka chai kwenye chupa, atasimama barabarani, nisimame dakika moja tu, nani ataona? Kisha nikamkumbusha anavyofunga kila mwaka kanisani kwao, na kwamba mtu aliyefunga hali hata akiwa peke yake jikoni. Alinyamaza kidogo. "Basi ni nadhiri," akasema. "Nadhiri haivunjwi. Pita, mwanangu, lakini kuku wako anakungoja."

Siku hiyo alisimama kando ya lami na majirani zake, mikono mitupu, wakapiga vigelegele nilipopita. Nilipunga mkono sikusimama. Mbele kidogo, Mbale, nilinunua ndizi kwa mama nisiyemjua, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Ikiwa una jamaa njiani, fanya mazungumzo hayo mapema na kwa heshima, usiyaache hadi siku ya mbio, maana ukiwa na njaa kilomita ya mia tatu hutaweza kukataa chai ya shangazi. Baadaye nilirudi kwa matatu, nikala huyo kuku na ugali mpaka shangazi akaridhika.

Kisumu nilikula ugali na maharagwe kwa haraka. Samaki wa ziwani ni mtamu, lakini miiba yake inachukua nusu saa usiyo nayo. Ahero macho yalianza kufunga. Kanuni yangu ni kwamba usingizi haujadiliwi: ukianza kuona vitu kando ya barabara ambavyo havipo, umeshachelewa kusimama. Niliomba mlinzi wa kituo cha mafuta nafasi ya kujilaza, jambo ambalo msafiri yeyote angeweza kuliomba. Ukihitaji usingizi mfupi tu, kunywa kahawa kwanza, kisha ulale dakika ishirini. Kahawa huchukua muda kama huo kuanza kufanya kazi, kwa hiyo unaamka inapokuamsha. Mimi hapo nilitaka zaidi, nikalala hadi kulipopambazuka.

Kericho hunyesha karibu kila alasiri, mara nyingine mvua ya mawe. Ndiyo sababu niliupanda mlima wake asubuhi na mapema, nikaupita mji kabla wingu halijakaa. Wanaopanga safari kwa kuhesabu kilomita peke yake hukutwa na mvua hiyo katikati ya majani chai, breki zimelowa na malori yanawarushia maji.

Mau Summit kila mtu alinishauri nishuke moja kwa moja kupitia Salgaa, eti ni mteremko mtupu hadi nyumbani. Nilikataa. Kila dereva nchini anaijua Salgaa na malori yaliyowahi kukosa breki pale. Mike Hall, mtu aliyeanzisha Transcontinental na aliyejua mbio hizi kuliko wengi wetu, aligongwa na gari kabla ya mapambazuko karibu na Canberra, Australia, Machi 2017, akiwa katika mbio, akafa. Tangu niliposoma habari hiyo, barabara yenye malori siiendeshi usiku, na nikipata njia nyingine mchana naitumia. Niliingia Molo, nikapita Elburgon na Njoro. Njia hiyo inapanda na kushuka, na iliniongezea muda, lakini lami ni nzuri, magari ni machache, na Elburgon kuna viazi vya kukaanga vya moto. Taa ya nyuma niliiwasha hata mchana. Jaketi la kuakisi mwanga, lile wanalovaa watu wa boda boda, halifiki shilingi mia tano, na hakuna sababu ya kukosa nalo.

Kitu nitakachobadilisha kabla ya mbio zenyewe ni matairi. Sehemu kubwa ya njia ya mbio hizo ni ya murramu, na haya niliyo nayo ni membamba mno. Nimeshapata mapana, yametumika lakini yana meno, na fundi wa turubai anataka nimletee baiskeli Jumamosi, maana mfuko ukiwa juu ya tairi nene zaidi itabidi upandishwe kidogo.