Kipimo cha mwaka 1999

Sanduku la mvule lililo chini ya kitanda cha mama, katika nyumba yetu ya Ngamiani mjini Tanga, lilifunguliwa mbele yangu siku ya tatu baada ya kurejea kwangu, mwezi Agosti 2023. Nilidhani nitakuta mashuka, au nyaraka za kiwanja ambazo ndugu zangu walikuwa wakizitafuta. Nilikuta magauni, yamekunjwa kwa uangalifu na yananukia udi, yamepangwa moja juu ya jingine hadi kwenye mfuniko. Nilimuuliza mama ni ya nani.

"Ni yako," alinijibu. "Kila Idi huwashonea wanangu. Kukaa kwako Marekani hakukukutoa katika hesabu."

Niliyahesabu, yakawa 24, nami nikaona hesabu imetimia kwa kuwa niliondoka Mei 1999 na miaka niliyokaa nje ni hiyohiyo. Mama alinisahihisha. Mwaka 2000 Idi-el-Fitri iliangukia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, kwa hiyo yalipaswa kuwa 25. Lililokosekana ni la mwaka 2008. Baba alifariki Julai mwaka ule, na Idi ilimkuta mama yumo ndani ya eda. Hakuna aliyemkataza kushona, lakini alisema kwamba kila alipoweka mguu kwenye cherehani mguu ulikataa kusukuma. Mimi sikuja mazikoni, kwani karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado hazijakamilika, na kama ningetoka nisingeruhusiwa kuingia tena. Jambo hilo tulilizungumza kwa simu miaka mingi iliyopita na sitalirudia hapa.

Nilichukua gauni la juu kabisa, la kitenge cha rangi ya zambarau, nikalivaa. Lilikataa kupita kiunoni. La pili nalo likakataa, na la tatu. Yote 24 yalikuwa ya mwanamke mwembamba wa miaka 27, na mimi nina miaka 51 na nimezaa watoto wawili.

Kwa wasioijua nyumba yetu, lazima nieleze jinsi mama anavyopima. Hajawahi kutumia futi ya utepe. Nyuma ya mlango wa chumba chake upo msumari, na kwenye msumari huo huning'inia nyuzi za katani, moja kwa kila mtoto. Kuanzia ncha moja ya uzi, fundo la kwanza ni upana wa mabega, la pili urefu wa mkono, la tatu kiuno, la nne kifua, na la mwisho kabisa urefu wa gauni au kanzu. Mtoto akikua, fundo hufunguliwa na kufungwa mbele zaidi. Wangu ulifungwa mara ya mwisho wiki moja kabla sijapanda basi la kwenda Dar es Salaam, na tangu hapo haukuguswa, ingawa mwaka 2014 nilikuja kwa siku 10 kuhudhuria harusi ya kaka yangu mdogo. Nilimuuliza mama kwa nini hakunipima safari ile. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisilohitaji kuulizwa, akasema kwamba mgeni hapimwi.

Cherehani yenyewe ni Singer nyeusi ya miguu, yenye nakshi za dhahabu zilizokwisha kufutika upande ambao kiganja cha mama hupita. Baba aliinunua kutoka kwa fundi wa Kihindi aliyekuwa akihama, kwa akiba ya mshahara wake wa shamba la mkonge, kabla sijazaliwa. Nambari iliyogongwa kwenye chuma chake inaanza na herufi E, ambayo ni mojawapo ya alama za mashine zilizotengenezwa katika kiwanda cha Clydebank, Uskoti. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980. Cherehani bado inashona, mradi itiwe mafuta kila Alhamisi na mkanda wa ngozi ubadilishwe unapolegea. Nilimletea mama cherehani ya umeme yenye mishono ya aina 60. Ameifunika kitambaa na kuweka juu yake redio.

Katika utoto wetu, mwezi wa Ramadhani nyumba ile ilikuwa na sauti mbili usiku: sauti ya tarawehi kutoka msikitini, na baada yake, hadi karibu na daku, sauti ya cherehani. Mama alishona kwa mpangilio wa umri, mdogo kwanza, kwa hoja kwamba mkubwa anaweza kustahimili akipata nguo asubuhi ya sikukuu ikiwa bado ina moto wa pasi. Mimi ni wa pili kwa ukubwa, na sikumbuki Idi hata moja ambayo gauni langu lilikuwa limefungwa vifungo vyote.

Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, nguo zilikuwa adimu nchini kote na mtu aliyepata kitambaa dukani alishukuru bila kuuliza rangi. Nilikuwa darasa la tatu baba aliporudi na nusu jora, yaani wari 15, ya kitambaa cha kijani chenye maua makubwa ya njano. Idi ile mimi na dada zangu tulivaa magauni ya kijani, kaka zangu wakavaa mashati ya kijani, baba akapata shati la mikono mifupi ambalo alilivaa siku moja tu, na makombo yakatosha kushona foronya mbili na pazia la dirisha la mbele. Mgeni aliyeingia sebuleni siku ile angeweza kutukosa kabisa kama tungesimama karibu na dirisha.

Kanzu ndiyo nguo iliyonifundisha kazi, kwa sababu kanzu haisamehe. Kuna badani ya mbele na badani ya nyuma, kuna taharizi zinazoingia mbavuni ili mtu apate nafasi ya kutembea, kuna kikwapa kinachouwezesha mkono kuinuka wakati wa kufunga sala, kuna sijafu mwishoni mwa mikono na kaba kwenye shingo. Mama alinikataza kugusa cherehani mpaka niweze kuipiga bandi kanzu nzima kwa mkono, mishono ikiwa mirefu lakini yenye nafasi sawa, kisha niivue bandi yote bila kuacha tundu linaloonekana. Nilichomeka taharizi ya kushoto kichwa chini mara tatu, na mara zote tatu mama hakusema neno. Alinipa tu mkasi mdogo wa kufumulia. Mkasi mkubwa ulikuwa na sheria yake: haukati karatasi, haukati kamba, na hauazimwi.

Baadaye, biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ikajaa, na majirani wengi wakaachana na kushona. Siungani na wanaosema kwamba mitumba iliua kila kitu. Mama aliigeuza kuwa duka la vitambaa. Koti kubwa la mwanamume wa Ulaya lilifumuliwa likawa sketi mbili za shule, zipu na vifungo vikaingia kwenye kopo la maziwa ya unga, na bitana ya hariri ikawa utepe wa nywele.

Kisha nikaenda Houston na nikaacha kushona. Hakuna aliyenizuia. Nilipohitaji kukata suruali urefu nilimlipa fundi wa dobi dola 12 kwa mshono ambao ningeumaliza kwa dakika 10, na nilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 20, jambo ambalo sijamwambia mama na ambalo naandika hapa nikijua kwamba dada zangu watamsomea.

Mara moja tu mikono yangu iliwasha. Mwaka 2002 jumba la Museum of Fine Arts la Houston lilionyesha mifarishi iliyoshonwa na wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha wajukuu wa watumwa kilicho kwenye kona ya mto wa Alabama. Wanawake wale waliunganisha vipande vya nguo za shamba zilizochakaa, na pale ambapo mfuko wa suruali ulibanduliwa palibaki mraba wa buluu iliyokoza katikati ya kitambaa kilichopauka. Mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe, na mwaka 1942 alichukua nguo za kazi za marehemu akazishona mfarishi wa kujifunika. Nilisimama mbele ya mfarishi huo kwa muda mrefu. Wazungu waliokuwa karibu nami walizungumzia rangi na mistari kama watu wanaotazama picha za wachoraji, na hawakukosea, lakini mimi nilitaka kugeuza kona ya mfarishi ule nione mishono ya nyuma, na mlinzi akaniomba nisogee.

Nimelikumbuka jambo hilo kwa sababu mfarishi ninaolalia sasa umeshonwa kwa vikoi vya baba. Mama aliuanza eda ilipomalizika. Upande wa juu ni vikoi saba, upande wa chini ni kanga zake mwenyewe, na katikati aliweka blanketi kuukuu badala ya sufi, kwani sufi, ingawa ni laini na misufi ipo hapa mjini, ikifuliwa hujikusanya pembeni na kuacha katikati patupu. Tabaka zote tatu zimeshikizwa kwa mishono ya mkono inayozunguka kutoka ukingoni hadi katikati, na kidole kikipita juu yake huhisi mahali ambapo mama alianza kutokuona vizuri, kwa maana mishono inakuwa mikubwa na kuyumba. Kanga mojawapo ilikuwa na jina linalojulikana sana, "Japo sipati tamaa sikati", lakini mshono umepita juu ya maneno ya mwanzo, ikabaki "tamaa sikati". Mama anasema hakukusudia. Ilikuwa ni suala la upana wa kipande.

Husimuliwa hapa pwani kwamba kanga yenyewe ilitokana na mshono. Katika karne ya 19 wanawake walinunua leso zilizochapwa ambazo bado hazijakatwa, sita kwa pamoja, wakazigawa tatu tatu na kuziunganisha ubavu kwa ubavu, wakapata nguo moja pana, na wafanyabiashara wakafuata baadaye kwa kuchapa nguo nzima. Mama huipenda hadithi hiyo na huitumia kila anapotaka kuonyesha kwamba kiwanda hujifunza kwa mtu aliye nyumbani.

Nilimwambia mama kwamba magauni nitayagawa kwa mabinti wa kaka yangu. Hakujibu. Alichukua lile la zambarau, akaligeuza nje ndani, akanivuta mkono na kuupitisha kwenye mshono wa ubavuni. Kila upande, mbele na nyuma, alikuwa ameacha akiba ya vidole viwili vya kitambaa, imekunjwa na kupigwa pasi ili isivimbe. Gauni la pili lilikuwa hivyohivyo, na la tatu. Fundi wa dukani huacha kidole kimoja, au nusu, kwa kuwa kitambaa ni fedha. Mama aliacha akiba hiyo ndani ya kila gauni miaka yote, hata pale alipokuwa na wari tatu tu na kulazimika kufupisha mikono.

Sasa kazi yangu baada ya alasiri ni kufumua. Nyuzi za zamani hukatika kwa urahisi katika magauni ya mwanzo na hukataa katika ya karibuni. Kwa kuwa mama aliyaanika juani kila mwaka mfungo ulipokaribia, nje yamepauka kidogo, na akiba inapofunguliwa hutokea mstari wa rangi ileile ya siku ya kununuliwa, ukishuka kutoka kwapani hadi kwenye pindo. Dada yangu anashauri niuzibe kwa utepe. Nimeuacha. Nimejifunza upya pia kusukuma pedali, kwa sababu gurudumu likianza kuzunguka kinyume uzi hujisokota chini na kukatika, na mara ya kwanza nilikata uzi mara sita kabla ya kumaliza ubavu mmoja. Mama alikaa kwenye mkeka akisikiliza. Haoni tena tundu la sindano, lakini kwa sauti tu hujua kama uzi wa juu umekazwa kupita kiasi.

Kabla sijafumua gauni lolote alitaka kunipima. Nilitungua uzi wangu msumarini nikampa, nikasimama katikati ya chumba mikono ikiwa imeinuliwa kama mtoto, naye akanizungushia katani kiunoni kwa kupapasa, akaubana uzi kwa kucha na kufunga fundo jipya bila kulifungua lile la zamani. Aliweka vidole vyake katikati ya mafundo hayo mawili na kuvihesabu. Sita. Fundo langu jipya la kiuno lilikuwa limekaribia kabisa fundo la zamani la kifua.

"Mbavu mbili, mbele na nyuma, vidole viwili viwili, ni vinane," alisema. "Umetumia sita. Kaa ule, vimebaki viwili."