Picha 36 tu na nimeridhika
Jamani mwezi uliopita nilienda Forodhani, Zanzibar, na Pentax K1000, kamera ya mkanda ya marehemu babu, chuma tupu, betri yake ya kupimia mwanga tu, hata ikiisha unapiga kama kawa. Nikaweka mkanda wa Kodak Gold 200, picha 36 basi, na ukijua kila picha ni hela unaangalia kwelikweli, nilisimama karibu nusu saa nawasubiri wale vijana wanaojirusha baharini magharibi mpaka mmoja akakunja magoti hewani jua likiwa nyuma yake, nikabonyeza mara moja, nikasogeza mkanda, nikabaki sijui imetoka au la. Kwa simu ningepiga mia nisiziangalie tena. Jana nimezichukua kwa fundi wa kusafisha picha. Ipo! Ina chengachenga, na matone ya maji yanang'aa miguuni. Naitundika sebuleni.