Kumbukumbu ya mradi: rauta isizimike umeme ukikatika

Umeme ukikatika Dar es Salaam, laptopu inaendelea kwa betri yake. Kinachovunja mkutano wa mtandaoni ni rauta. Laini ya faiba ya nyumbani kwa kawaida haitumii umeme njiani, kwani vigawanyi vya mtaani hupitisha mwanga tu. Kituo cha kampuni kikiwa na umeme, unachodaiwa ni kuwasha vifaa vyako.

Inveta haimo kwenye mradi huu. Rauta inakula volti 12 za DC, aina ileile ya umeme inayotoka kwenye betri. Kupandisha umeme wa betri hadi volti 230, kisha adapta iushushe tena, ni kupoteza wati bure.

Mzigo uliopimwa: kisanduku cha faiba ampea 0.5, rauta 0.7, jumla wati 14.4. Betri ni LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya volti 12.8, ampea-saa 20, yaani wati-saa 256. Tumia asilimia 80, toa asilimia 10 inayopotea kwenye kigeuzi, yaani kifaa kinachogeuza volti za betri kuwa 12 za rauta. Inabaki kama 184, saa 12 na ushee.

Hapo kwenye kigeuzi ndipo wengi wanapokwama. Kile cha kushusha volti tu kinataka kuingiziwa volti moja au mbili zaidi ya kinazotoa. Betri ikiwa imejaa kinafanya kazi vizuri. Ikishuka karibu na 12.8, rauta inapata 11 na kitu, na Wi-Fi ikizidiwa inajizima na kujiwasha. Nunua kinachopandisha na kushusha: kiingie volti 9 hadi 18, kitoe 12 na ampea 3.

Fyuzi ya ampea 10 imekaa kwenye waya chanya, sentimita 15 tu kutoka kwenye betri. Kuanzia hapo ni waya wa milimita za mraba 2.5. Tawi la kigeuzi lina fyuzi yake ya ampea 3. Kabla ya kuchomeka, soma alama ya chanya na hasi iliyo kwenye rauta, kisha pima plagi kwa multimita. Angalia na tundu la plagi: la milimita 2.5 linaingia kwenye pini ya 2.1 lakini linalegea, ukigusa meza tu rauta inajiwasha upya.

Chaja ni ya volti 14.6, ampea 5. Rauta na kisanduku vinachukua 1.2, kwa hiyo betri iliyoisha inajaa kwa saa tano au sita. Chaja ya kawaida ya lithiamu huacha kuchaji ampea zikishuka. Mzigo ukiwa umeunganishwa hazishuki vya kutosha, nayo inabaki kwenye 14.6 muda wote. Hilo linachosha betri. Iliyochaguliwa hushuka yenyewe hadi 13.6 muda wake ukifika.

Kilichobaki ni tawi la laptopu: chaja ya gari ya USB-C ya wati 60. Ikifanya kazi kwa nguvu zote itavuta kama ampea 5.5, ndiyo sababu fyuzi kuu ni ya 10.