Mashuka ya Bamburi

Baba alifua mashuka ya hoteli moja ya ufuoni Bamburi, Mombasa, kwa miaka 22, wala hakuwahi kulalia hata moja. Agosti 2018, shule zilipofungwa, nililipia vyumba viwili hapo hapo kwa siku mbili: mimi, mume wangu, watoto wetu wa miaka 6 na 4, na yeye.

Tulitoka Nairobi kwa treni ya SGR, ambayo wakati ule ilikuwa na mwaka mmoja tu na ushei tangu ianze, tukashuka Miritini. Baba tulimpitia Majengo. Kanzu imepigwa pasi, kofia ya vito kichwani. Gari lilipokaribia geti la hoteli akamgusa dereva begani. "Mwanangu, mlango wa wafanyakazi uko mbele kidogo."

"Leo twapita hapa, Baba," nikamwambia.

Akanyamaza, na mimi nikageukia dirishani ili asiyaone machozi yangu.

Chumbani taulo zilikuwa zimekunjwa umbo la bata, na watoto wakazirukia kwa kelele. Baba aliinua upindo wa shuka, akausugua taratibu baina ya kidole gumba na cha shahada, akaunusa. "Wameisuuza vizuri," akasema. Halafu akawaita wajukuu, akamfungua bata mmoja, akawafundisha kumkunja upya. Usiku ule watoto walikataa kujifutia taulo. Tulijifutia kanga zangu sote.

Asubuhi ya pili ndiyo iliyonikaa moyoni. Mwezi ulikuwa mpevu, bamvua kabisa, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Saa nne watoto walikimbilia ufuoni na maboya yao, wakakuta bahari haipo: mchanga, mwani ulioletwa na kusi, vidimbwi, na kule mbali mstari mweupe wa mawimbi mwambani. Mdogo akaangua kilio.

"Babu, bahari imekwenda wapi?"

Baba akapiga goti na kanzu yake. "Maji yamekupwa tu, mjukuu wangu. Saa kumi yatakuwa hapa." Akachora mstari kwa kijiti, karibu na ngazi za hoteli. Kisha akawashika mikono, wakaenda vidimbwini. Aliwaonyesha kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, chekundu, wakakigusa kwa ncha za vidole na kukiacha palepale kilipokuwa. Watoto wangu walikuwa wameiona bahari kwenye picha tu, na mimi mama yao nimezaliwa kisiwani. Jambo hilo liliniuma.

Mchana kulikuwa na bwawa, chipsi na usingizi. Lakini kuanzia saa tisa walikaa ngazini wakiulinda mstari wao. Maji yalikuja kidogo kidogo, yakarudi nyuma, yakaja tena. Yalipoufuta, mdogo alimrukia babu yake shingoni.

Baba akavua kanzu, akabaki na fulana na kikoi, akaingia nao mpaka kifuani. Alikuwa akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Mama afariki. Miaka 22, maji yale alikuwa akiyasikia tu, ng'ambo ya ukuta wa chumba cha dobi.

Siku ya kuondoka nilimkuta chumbani kwake ameshavua mashuka. Ameyatenga na taulo, ameyafunga yote ndani ya shuka moja, fundo ameliweka juu, mahali pa kushikia.

"Baba, hiyo si kazi yako."

"Najua," akasema, akilisogeza furushi karibu na mlango. "Lakini kuna kijana wa watu anayangoja kule nyuma."

Mkubwa akalishika fundo upande mmoja, mdogo upande wa pili, wakamsaidia babu yao kulitoa ukumbini.